Kumpeleka Eusebio kwa Wajina Wake

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza kazini, na Mama Njeri amenipigia simu nikiwa bafuni. "Kwani ulipotelea wapi na mtoto?" Nimechoka kusimulia vipande vipande, kila mtu akiongeza chake. Nimeandika yote mahali pamoja. Mkisoma, msinitumie zile sura za kulia. Sikulia. Nilikasirika, na bado nimekasirika.

Kwa wasiojua: mtoto wangu anaitwa Eusebio. Najua mnamcheka. Baba yake ni Daniel, yule mrefu aliyekuja Pasaka akamaliza sufuria nzima ya mukimo. Daniel alizaliwa Wyoming kwenye shamba la ng'ombe, na baba yake ni Mhispania aliyehamia huku Marekani ujanani. Kwetu Murang'a, mtoto wa kwanza wa kiume huitwa jina la baba wa baba yake, na hilo halina mjadala. Nikiwa mjamzito nilimwuliza Daniel, "Baba yako anaitwa nani?" Akasema Eusebio, lakini alishafariki. Nikampa pole. Nikampa mtoto jina la marehemu kwa heshima zote, na Daniel akanyamaza kimya. Mtoto alipoanza kukaa peke yake, Daniel akapata kazi Texas, akaenda, na kurudi kukawa hadithi.

Sasa majuzi nikatafuta picha ya huyo marehemu nimwekee mtoto ukutani, akue akijua amebeba nani. Nikaandika jina kwenye simu. Marehemu akatokea amevaa kofia pana, ameegemea ua wa ng'ombe, anaomba kura. Amekuwa mjumbe wa baraza la kaunti yake kule Wyoming tangu zamani, na anagombea tena.

Nikampigia Daniel. "Baba yako amefufuka."

Akashusha pumzi. "Hatuongei. Ilikuwa rahisi zaidi kusema vile."

"Rahisi kwa nani?"

Akakata simu. Huyo ndiye baba wa mtoto wangu.

Wajina akiwa hai, lazima amwone mtoto. Amshike, amwite jina, mbele ya watu. Si kwa simu, si chumbani mlango ukiwa umefungwa. Mama yangu aliposikia mzee anapumua alisema neno moja tu: "Mpeleke." Nikaomba ruhusa kule ninakotunza wazee, nikafunga virago. Nilikuwa nataka kitu kimoja na nilikitaka vibaya: huyo mzee amwite mwanangu jina lake mbele ya watu wake. Basi.

Saint Louis Park hadi stesheni

Huwezi kwenda kwa watu mikono mitupu. Lazima shopingi. Furaha, jirani yangu Mkongo wa mlango wa pili, alinipeleka na gari lake kwenye maduka ya Wasomali ya Cedar, Minneapolis, akibishana nami kila taa nyekundu kwa Kiswahili chao chenye Kifaransa ndani.

"Mais, dada, ule muzee iko na ng'ombe ya kujaza mulima, na wewe unamubebea bunga?"

"Sibebi kwa sababu hana. Nabeba kwa sababu naenda kwake."

"Atasema unamuona maskini."

"Asiseme. Apokee."

"Weye unaenda kupigana ao kusalimia?"

"Vyote."

Nikanunua unga wa ngano, sukari, majani ya chai, mafuta ya kupikia. Mama Msomali mwenye duka akamtupia mtoto tende mfukoni bila kuniangalia, akasema safari njema. Chapati nilikuwa nimezipika nyumbani usiku uliotangulia, nikazifunga kwenye karatasi ya foili. Sasa nioneni: mtoto mgongoni kwa leso, kiti chake cha gari mkono huu, mfuko wa shopingi mkono ule, na begi la nguo nalisukuma kwa mguu kama mpira. Kwenye foleni pale stesheni kijana wa chuo akaniuliza kama nahama. Nikamwambia ndiyo, ili anyamaze.

Furaha, aliyetushusha hapo, alitaka kusubiri hadi basi liondoke. Nilimfukuza. Angebaki kidogo tu, ningeshuka nirudi naye.

Dakota, ambayo haiishi

Mimi siwezi kukaa. Mnanijua. Hata kanisani nasimama nyuma na mtoto nikizungukazunguka mpaka mchungaji ananitazama. Sasa mtu kama mimi mweke kwenye basi, dirishani kuna nyasi kavu, halafu nyasi kavu, halafu bango la kuuza nyama, halafu nyasi. Nilitembea njia ya katikati mpaka dereva akanisema kwenye kipaza sauti: "Mama mwenye mtoto, tafadhali."

"Si mimi, ni yeye," nikamjibu. Na kweli alikuwa yeye, amejifunza kutembea kwa kushika viti, na kila kofia aliyoiona aliivuta.

"Tulia, mzee," nikamwambia, maana kwetu aliyebeba jina la mtu huitwa kama mwenyewe. "Baba mkwe, kaa chini."

Mama mmoja aliyekuwa na mbwa mdogo ndani ya mfuko akaniuliza namwambia nini mtoto. Nikamweleza vizuri, kwamba huyu ni baba mkwe wangu. Akanitazama, akamtazama mtoto, akabeba mbwa wake akahamia nyuma.

Kupita Sioux Falls, katikati ya mahali pasipo na kitu, basi likasimama kwenye kituo cha mafuta. Dereva akazima injini akatangaza kwamba saa zake za kazi zimeisha kisheria. Mwenzake wa kumpokea amekwama kwenye theluji mbele huko.

"Kwa hivyo?" nikauliza.

"Kwa hivyo tunangoja."

"Tunangoja nini hasa?"

"Mtu anayeruhusiwa kuendesha."

Kila mtu akakubali kama kondoo! Wakatoa simu zao. Mimi nikazunguka lile duka la mafuta mpaka muuzaji akadhani nataka kuiba. Chakula kilichokuwepo kilikuwa kuku aliyekaangwa tangu jana, analindwa na taa, na mayai ya kuchemsha yaliyozamishwa kwenye chupa ya siki. Niliyajaribu yale mayai. Msijaribu. Mtoto alikula tende zote, kisha akazitapika zote kwenye koti langu la pekee, na yule mama wa mbwa ndiye aliyekuja na vitambaa akanisaidia kufuta. Nikamwomba msamaha kwa lile la baba mkwe. Akasema, "Hata mimi mbwa wangu nimempa jina la marehemu mume wangu." Tukaelewana.

Tulipofika Rapid City basi la pili lilikuwa limeshaondoka bila sisi, na nililipigia kelele dirisha la tikiti mpaka nikagundua ndani hakuna mtu.

Gari la Russ

Asubuhi pale stesheni kulikuwa na mzungu mmoja mzee anayeitwa Russ, fundi wa matrekta, amekuja kuchukua vipuri vilivyoletwa na basi la mizigo. Alinisikia nikiwauliza watu njia ya kwenda ule mji, ambao sitautaja, kwa sababu ni mdogo na watajijua.

"Mimi naelekea huko huko. Unamwendea nani?"

"Eusebio Olmeda."

"Yupi? Mbona ni mmoja tu." Akacheka. "Panda."

Kabla sijapanda nilipiga picha nambari ya gari lake nikamtumia Furaha, na Russ akaniona. Akavua kofia, akasimama vizuri kando ya gari. "Piga na mimi, ili polisi wasipate shida." Hapo nikampenda kidogo.

Nikafunga kiti cha mtoto, tukaingia barabarani, na Russ akanihadithia baba mkwe wangu. Nawapa kama alivyonipa.

Eusebio alikuja kutoka milima ya Hispania akiwa hajaota ndevu, kwa mkataba wa kuchunga kondoo wa watu. Walimpeleka juu mlimani wakamwachia farasi, mbwa na kibanda cha magurudumu chenye jiko ndani, wakashuka. Mtu wa kumletea unga na maharagwe alipita mara chache. Watu wanasema aliposhuka mara ya kwanza, theluji ilipoanza, alinyoosha mkono kusalimia dukani na sauti ikakataa kutoka. Alikuwa ameongea na mbwa tu, na mbwa hawajibu kwa Kiingereza.

"Mshahara wake alikataa kuuchukua kwa pesa," Russ akasema. "Akamwambia tajiri, nilipe kondoo majike. Tajiri akacheka sana. Alipomaliza kucheka, kijana alikuwa na kundi lake."

Akanunua shamba kwa mjane aliyechoka. Akaoa msichana wa hapo hapo. Kisha akauza kondoo akaingia kwenye ng'ombe, kwa sababu kule mwenye ng'ombe hamwamkii mwenye kondoo, na yeye alichoka kutoamkiwa.

"Na siasa?"

"Siasa ni theluji." Russ akanyoosha kidole kwenye barabara. "Gari la kaunti la kuondoa theluji lilikuwa likifika kwa lango la mjumbe wa baraza, linageuza. Huko mbele, mjitegemee. Sasa mke wake akashikwa na uchungu kukiwa na tufani. Wakakwama. Yule kijana wao alizaliwa ndani ya gari, Eusebio mwenyewe akimpokea kwa mikono."

"Daniel?"

"Daniel. Baada ya hapo Eusebio akaenda kwenye mkutano wa baraza na shati lile lile alilompokelea mtoto. Akawauliza swali, wakacheka Kiingereza chake. Uchaguzi uliofuata akasimama. Kampeni yake yote ilikuwa sentensi moja: theluji itaondolewa kwangu mwisho. Akashinda. Na mpaka leo gari linamaliza kwake. Nimekuwa dereva wa gari hilo, najua."

Daniel hakuwahi kuniambia alizaliwa ndani ya gari. Aliniambia anapenda jibini.

"Na sasa? Yukoje?"

"Sasa amekuwa mgumu kama kwato. Kaunti ilikuwa na ghala la chakula kwa watu waliokwama. Unga, sukari, mafuta, vitu kama hivyo. Yeye ndiye aliyesukuma lifungwe. Alisema yeye hakuna mtu aliyewahi kumpa unga wa bure. Watu wamekasirika." Akatazama mfuko miguuni mwangu. "Wewe umebeba nini humo?"

"Unga."

"Wa Eusebio?"

"Na sukari. Na mafuta."

Alicheka mpaka gari likayumba. Nikamwambia atazame barabara. Hapo mtu mwenye akili angeunganisha. Mimi kwangu lile la ghala lilikuwa siasa yao na hii ni shopingi yangu. Sikuyaweka kichwa kimoja. Nilidhani ananicheka kama Furaha.

Ukumbini

Nyumbani kwa mzee hatukwenda. Russ alisema siku hiyo wagombea wote wako ukumbi wa wafugaji, wanawapakulia watu supu halafu wanaulizwa maswali, na ndiyo desturi yao kila uchaguzi. Nikasema vizuri sana. Mbele ya watu ndiko ninakotaka.

Ukumbi ulikuwa umejaa kofia na koti nene. Harufu ya supu ya nyama na mbwa waliolowa. Mbele kuna meza, nyuma yake mama mwenye koti jekundu, ambaye ndiye mpinzani, na kando yake yule wa kwenye picha. Mdogo kuliko nilivyodhani. Masikio makubwa yaliyosimama. Nikajua nimefika, kwa sababu masikio hayo ninayaosha kila jioni.

Nilifanya kama tulivyofunzwa. Nikaenda mbele, mtoto mgongoni. Nikapiga goti kidogo. Nikatoa unga, nikauweka mezani mbele yake kwa mikono miwili. Nikatoa sukari. Nikatoa majani na mafuta.

Kisha nyuma kabisa mwanaume mnene akapaza sauti, "Eusebio, ghala limefunguliwa!"

Walicheka! Wengine wakapiga makofi, mmoja akapiga meza kwa kijiko. Yule mama wa koti jekundu akaruka kwenye kiti: "Si mimi niliyemtuma! Naapa si mimi!" Nami nimesimama pale, sijui tunacheka nini. Kwetu mwanasiasa ndiye hugawa unga wakati wa kura, na watu hupokea kisha wanampigia mwingine. Sijawahi kuona mgombea akiona haya kwa sababu ya pakiti ya unga.

Mzee alikuwa amekuwa mwekundu mpaka masikioni. Akauvuta mkono kutoka mezani kana kwamba unga unachoma.

"Nani amekutuma?"

"Mama yangu."

Wakacheka tena.

"Nakuuliza nani amekutuma kunifanyia mchezo huu."

"Hakuna mchezo." Nikamfungua mtoto mgongoni, nikamwinua. "Huyu ni wajina wako. Anaitwa Eusebio. Ni wa Daniel. Nimemleta umwone."

Mzee alimtazama mtoto, na nawaapia alimjua. Kidevu chake kilisogea. Kisha akatazama ule ukumbi, zile kofia zote, na kipaza sauti kilikuwa mbele yake.

"Mimi simjui huyu mwanamke," akasema. "Wala mtoto."

Kipaza sauti kikalipeleka neno hilo mpaka jikoni kwenye supu.

Nilimjibu kwa Kiingereza chote nilichosomea mpaka kidato cha nne. Nikamwambia, "Na mimi sikukujua. Niliambiwa umekufa. Nikakulilia wewe, mtu nisiyekujua, na tumbo limenijaa. Nirudishie machozi yangu."

Mtu akanishika kiwiko, polepole. Mwanamke wa umri wangu na zaidi kidogo, amevaa buti za zizini, macho ya Daniel. "Mimi ni Pilar," akasema. "Twende nje kabla hujampiga."

Jikoni kwa wifi

Pilar ndiye dada yake Daniel, na ndiye anayeendesha kampeni ya mzee. Kwa hivyo ni wifi yangu, nikamwambia hivyo, naye akauliza maana yake, na nilipomweleza akasema sawa, ila wifi amemharibia wiki. Ndani ya gari lake ndipo alinieleza lile la unga. Nilitaka kurudi niwaelezee watu. Akafunga milango.

"Basi litapita kesho asubuhi," akasema. "Mnalala nyumbani." Kisha akageuka nyuma kumtazama mtoto kwenye kiti chake. "Mungu wangu. Yale masikio."

Nyumba ni ya mbao, pana, yenye baridi, na kuna kofia kila mahali. Sikuweza kukaa. Nikaosha vyombo vyao. Nikafagia. Pilar akasema "Acha," nikasema "Siachi," akaacha yeye.

Mzee alifika jua likizama, na mfuko wangu wa shopingi mkononi. Ule ule. Akauweka mezani. Hakunisalimia, nami sikumsalimia. Nikachukua majani yangu mwenyewe, maziwa ya ng'ombe wake, nikachemsha chai kama ya nyumbani, nikafungua foili ya chapati. Nikamwekea. Simlishi kwa upendo, nataka mjue. Mtu haachwi amesimama tu bila kula.

Akakunja chapati, akauma, akatafuna muda mrefu.

"Mlimani nilikuwa napika hivi," akasema. "Unga na maji, bila hamira, juu ya chuma. Mbwa nampa nusu."

"Sasa uliona aibu ya nini, kama unajua kula?"

Pilar akakohoa ndani ya kikombe.

Mtoto ndiye aliyekatisha. Alivuka jikoni kwa kushika viti mpaka kwenye goti la mzee, akainua mikono kama anavyofanya kwa kila mtu, hana ubaguzi. Mzee akamwangalia. Akamwinua, akamweka pajani, na mtoto moja kwa moja akamvua miwani. "Eusebio," mzee akasema taratibu. "Eusebio, nipe." Akamwita mara nyingi, na wakati mwingine kwa Kihispania, na Pilar akaenda dirishani kutazama ng'ombe ambao gizani hawaonekani.

Nikamwuliza kwa nini hawaongei na Daniel. Akajibu bila kuzunguka, na kwa hilo nampa alama.

"Mama yake alipokuwa anakufa nilikuwa mkutanoni. Tulikuwa tunapitisha bajeti ya barabara. Nilidhani nitawahi. Daniel alikuwa kitandani kwake, mimi nilikuwa napiga kura."

Mtoto akaing'ata ile miwani.

"Nitakuja Minneapolis," akaendelea. "Kura zikipita. Nitakuja na kofia mkononi, niwasalimie wote. Lakini wiki hii, mbele ya wale, baada ya kile kicheko... Ngoja kura zipite, binti."

Nilisimama. "Mzee, jikoni hakuna mtu. Umemtambua mtoto mbele ya jiko. Mbele ya watu ulimkana, na watu ndio watakaokumbuka. Kwetu hilo halisubiri kura. Ulikosa kitanda cha mkeo kwa ajili ya baraza. Sasa unataka kukosa na hili?"

Pilar alisema, "Inatosha."

"Haitoshi," nikasema, nikambeba mwanangu tukaenda kulala.

Kituo cha basi

Basi linasimama kwenye duka la mafuta lenye mgahawa pembeni, na kila asubuhi wanaume wa mji wanakunywa kahawa hapo. Mzee alijipikia mkate wa ule unga alfajiri, na ndiye aliyetuleta. Akambeba mtoto wakati mimi napambana na kile kiti, kwa hivyo yeye aliingia mgahawani mbele, nami nyuma, na nikalisikia swali. Alikuwa yule mnene wa ukumbini.

"Huyo ndiye mtoto wa unga, Eusebio?"

"Ni wa mgeni wangu," mzee akasema.

Nilimchukua mtoto mikononi mwake. "Asante kwa kitanda," nikamwambia, nikatoka, nikapanda basi. Nikaanza kufunga mkanda wa kile kiti.

Nikasikia buti kwenye ngazi. Mzee alikuwa amepanda. Akaja mpaka katikati ya basi, akashika kofia kifuani, akawaangalia abiria: wanafunzi wawili waliolala, bibi mmoja anayesuka, mwanajeshi anayekula.

"Huyu ni mjukuu wangu," akawaambia. "Anaitwa Eusebio, kama mimi."

"Hongera," akasema bibi anayesuka.

"Hawa hawakupigii kura," nikamwambia. "Hawa hata jina la kaunti yako hawalijui. Wale wa kahawa wako pale."

Akasimama. Dereva akageuza shingo. "Mzee, unasafiri au unashuka?"

Akashuka. Nilimwona dirishani amesimama kwenye theluji, uso umeelekea gari lake, halafu ukaelekea mgahawa. Alikaa hivyo. Kisha akaenda mlango wa mgahawa.

Nikamnyakua mtoto. "Ngoja kidogo," nikamwambia dereva.

"Dada, nina ratiba."

"Na mimi nilikuwa nayo."

Nilifika mlangoni wakati anavua kofia. Hakujua niko nyuma yake. Wale wanaume walikuwa na vikombe mdomoni.

"Jana nilisema simjui mtoto," akasema. "Nilidanganya. Na mnajua nilidanganya, mna macho. Ni wa Daniel. Ni mjukuu wangu. Anaitwa Eusebio Olmeda."

"Mwangi," nikasema.

Akageuka.

"Eusebio Mwangi. Mwangi ni baba yangu. Hilo la Olmeda Daniel hakulitoa, na wewe hukuwepo. Akikua akilitaka, atakuja kuliomba mwenyewe."

Nilidhani atakasirika. Taya lake lilisogea kama anatafuna. Akajaribu kimya kimya kwanza, naona midomo, halafu akawageukia wale watu.

"Eusebio Mwangi," akasema, na akakosea kidogo lakini akafika. "Mjukuu wangu."

"Huku nyuma hatujasikia," akasema yule mnene, na alikuwa anatabasamu, lakini si kwa ubaya.

Mzee akarudia, sauti ya mkutanoni, mpaka mhudumu akatoka jikoni. "Eusebio Mwangi, mjukuu wangu! Na yule ni mama yake. Unga uliletwa kwangu, nikaupokea, na leo asubuhi nimeula. Nani ana swali?"

Nikampa mtoto amshike. Dereva akapiga honi, akapiga tena, nami kwa mara ya kwanza tangu nitoke nyumbani nilisimama mahali pamoja bila kusogeza mguu, mpaka dereva mwenyewe akaja kuniita.

Kurudi sina cha kusimulia. Nyasi kavu zilikuwa kule kule.

Wengi mmeniuliza kama mzee alishinda. Sijui, na sijaangalia. Tafuteni wenyewe, simu mnazo. Mimi nilienda kwa jambo moja, na nimelisikia kwa masikio yangu, mara mbili.